Walipotaka Kumwandika Mjomba Marehemu

Asubuhi ile nilitoka Chunyu bila kujua ninakwenda wapi. Nilichukua shati la pili na panga, nikapita nyuma ya nyumba ili mjomba asinione. Alikuwa uani anatawadha. Nilisikia maji yakimwagika na yeye akikohoa. Angeniuliza ninakwenda wapi ningemdanganya, na nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha.

Kuondoka bila mpango halikuwa jambo geni kwangu. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa kukosa ada wala kwa kushindwa masomo. Siku moja lori lilipita limebeba kinu cha kukamulia mafuta, nikataka kuona kitafungwaje, nikalifuata. Sikurudi tena darasani. Tangu hapo nilipalilia mikorosho ya watu, nikabeba magunia ya ufuta, nikauza chumvi, nikakaa mwezi mzima kwa fundi saa bila mshahara, nikimtazama tu anavyotoa vigurudumu vidogo na kuvirudisha. Lakini safari zote hizo nilikuwa nakifuata kitu. Safari hii nilikuwa nakimbia.

Nieleze nilichokuwa nakikimbia.

Mjomba, kaka wa mama yangu wa tumbo moja, alikuwa dereva wa greda katika ujenzi wa barabara. Njia nyingi za upande ule alizichonga yeye. Alistaafu akiwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kisichotaka kufunga, na maisha yake yote, dawa, sabuni, mafuta ya taa, yalisimama juu ya pensheni. Siku hizo pensheni ilikuja kwa awamu. Walipaji walifika na fedha, wakabandika orodha ya majina ubaoni, wakakaa siku chache, na kila mstaafu alitakiwa aje mwenyewe na kitambulisho chake atie saini. Hakuna kuchukuliwa na mtu mwingine. Asiyetokea, fedha zake zilirudi zilikotoka. Asiyetokea mara tatu mfululizo alihesabiwa kuwa amekufa, na jina lake likafutwa.

Kwa kuwa mguu haukumruhusu kwenda na kurudi kila mara kutazama kama majina yametoka, kazi hiyo alinipa mimi. Kwa watu wa kwetu hilo halikuwa la ajabu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyeitwa na mwalimu mkuu nilipotoroka shule, na akifa yeye, mikorosho yake ilikuwa ije kwangu. Watoto wake mwenyewe, wanne, walikuwa na wajomba zao wa kuwarithisha. Alinionyesha mimi mahali anapoweka karatasi zake, hakuwaonyesha wao.

Nami niliipenda kazi ile. Ubao wa matangazo wa boma la Nachingwea ulifunikwa kwa wavu wa waya, na mimi nilikuwa nikisimama mbele yake mpaka nimemaliza kusoma yote: nafasi za kazi, mnada wa pikipiki mbovu, watu wanaotaka kuoana, ng'ombe aliyeokotwa.

Kisha Ruangwa ikawa wilaya, na sisi wa Chunyu tukaambiwa kuwa sasa ni watu wa Ruangwa. Lakini midomo na miguu yetu ilichelewa kusikia. Mtu akisema anakwenda bomani alimaanisha Nachingwea, kama alivyomaanisha baba yake. Siku moja nilisoma ubaoni karatasi ndogo iliyosema kuwa wastaafu wa kata zilizohamia wilaya mpya watalipwa huko huko. Niliisoma yote mpaka mhuri. Halafu nikahamia kwenye tangazo la mnada. Sijui nieleze vipi nilivyoweza kuisoma nisiione. Katika akili yangu mjomba alikuwa mstaafu wa Nachingwea kwa sababu barabara alizochonga zilianzia pale. Orodha ilipotoka bila jina lake nilirudi nikamwambia malipo yake hayajafika. Hilo lilikuwa kosa tu.

Mara ya pili ulikuwa uongo. Muda wa kwenda kutazama ubao ulipofika niliondoka vizuri kabisa, ila nilipofika Lionja nilikuta watu wanachimba kisima kwa mashine. Udongo ulitoka mwekundu, kisha mweupe, kisha wa kijivu, na fundi wao mkuu alikuwa anachukua kidogo kwa kidole na kuuonja. Nilitaka kujua anaonja nini. Nikakaa nao wiki mbili nikiwapikia ugali na kuwauliza maswali. Nachingwea sikufika. Niliporudi Chunyu mjomba aliniuliza habari za ubao, nikamwambia, "Bado, mjomba. Wamesema tuvute subira."

Hakuna mtu aliyesema neno hilo. Nililitunga mlangoni, nikiwa bado nina vumbi la njia.

Habari ya mara ya tatu niliambiwa na mwalimu mstaafu mmoja, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi kwetu zamani, akaoa, akabaki. Alipita na baiskeli alasiri, siku ya Jumanne, mjomba akiwa msikitini. Aliniuliza mbona mzee haonekani Ruangwa, au amezidiwa. Nikamuuliza Ruangwa kuna nini.

"Malipo," alisema. "Hii ni ya tatu sasa hajatokea. Mlipaji ameniuliza mimi kama bado yu hai, maana kwenye jina lake ameshaweka alama nyekundu. Wanafunga Ijumaa asubuhi. Mwambie kabla hujasahau, nakujua wewe."

Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Sikumwambia. Mjomba aliporudi nilimtengea chakula, nikamwosha kidonda, nikamsikiliza akisema dawa zimebaki za siku kumi, labda kumi na mbili akiruka za asubuhi. Kesho yake nikapita nyuma ya nyumba kama nilivyosema.

Hofu yangu haikuwa ya kupigwa. Mjomba hakuwa mtu wa kupiga. Niliogopa jinsi jambo lenyewe lingeonekana. Mtu mzima mwenye pumzi zake anaandikwa marehemu, na aliyetumwa kulitazama jina lake ndiye anayeingojea mikorosho. Nani angeamini kwamba nilikuwa natazama udongo wa kisima? Nilimjua mtu mmoja wa Malolo ambaye mjomba wake alianguka kutoka mtini, naye ndiye aliyekuwa ameshika ngazi. Hakuna aliyempeleka popote. Ila wanawake waliacha kuongozana na mkewe kwenda kuteka maji, na siku ya msiba wa jirani sahani yake ikawekwa peke yake. Baada ya mavuno mawili alihama.

Na kulikuwa na hofu nyingine ndani ya hiyo, ambayo ningeona haya kuisema mbele ya mtu. Niliogopa karatasi yenyewe. Niliogopa kwamba likishaandikwa huko kuwa fulani amekufa, mwili wake utasikia.

Nilitembea mpaka jua likapanda, nikadandia trekta iliyokuwa inapeleka mabati, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Lionja. Sikuwa nimepanga Lionja. Ndiko trekta ilikoishia. Pale palikuwa na lori la mnunuzi wa ufuta linapakia kwenda Masasi, na dereva alinifahamu. Alisema nikisaidia kupakia nitapanda bure.

Wakati wapakiaji wanakula nilikwenda kusalimia ofisi ya kata. Mtendaji wa pale alitokea Mbeya, na wakati wa kisima alinizoea kwa maswali yangu. Nilimkuta barazani anachambua mbaazi kwenye ungo, kwa sababu siku ile, alisema, serikali haikuwa na kazi nyingine ya kumpa. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza kana kwamba ni habari ya kupita njia: mtu akiandikwa kuwa amekufa naye yu hai, inakuwaje?

"Inakuwa kazi," alisema. "Kuna mzee wa kwetu alikaa miaka mitatu maiti. Kila akienda wanamwambia alete cheti cha kifo ndipo waangalie kama kuna makosa."

Alicheka, mimi sikucheka. Akanitazama, kisha akaeleza polepole, mikono ikiendelea na mbaazi. Orodha ikisharudi makao makuu na jina limefutwa, ni rufaa, na rufaa hizo huzungukia mbali. Lakini walipaji wakiwa bado wako wilayani, kalamu ni yao. Aende mhusika mwenyewe, awe na kitambulisho chake na picha mbili, awe na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema yu hai na anaishi pale, na awe na barua ya maelezo ya kwa nini hakutokea mara zilizopita.

"Barua hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaiharibu," alisema. "Wanaandika mvua, wanaandika msiba, wanaandika daraja. Aliyesababisha aandike mwenyewe alichofanya, mistari sita, basi. Huyo mtu wako ni nani?"

"Mjomba wangu."

"Na aliyesababisha?"

Nikawa natazama ungo.

"Lori la Masasi lile pale," alisema mtendaji. "Panda tu. Yeye atakufa Ijumaa."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemwambia mwenzake saa. Nilimwomba karatasi. Aliniuliza nilisoma mpaka darasa la ngapi, nikamwambia la tano. Akasema la tano linatosha kukiri.

Niliiandika pale pale barazani na ilinichukua muda mrefu kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Niliandika kuwa tangazo la kuhamia Ruangwa nililisoma na sikulizingatia. Niliandika kuwa mara ya pili nilibaki Lionja kutazama kisima kikichimbwa, sikwenda kutazama ubao, nikasema nimekwenda. Niliandika kuwa mzee hakujua lolote. Mtendaji aliisoma, akasahihisha neno moja, akanirudishia na kalamu yake juu, akasema kalamu nitamrudishia siku nyingine.

Kurudi hakukuwa na trekta. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea, nikafika Chunyu jua linazama. Mjomba alikuwa amekaa mkekani, mguu kwenye kigoda, na mkewe anapakua. Wote wawili walinitazama, kwa sababu walishazoea kwamba nikiondoka siku moja sirudi siku hiyo hiyo. Sikuweza kusema kwa mdomo. Nilimpa barua.

Alitafuta miwani yake akasoma, akarudia. Kisha akamsomea mkewe kwa sauti, mstari kwa mstari, maana mkewe hakujua kusoma. Alipofika kwenye kisima alisimama.

"Kilitoa maji?" aliniuliza.

"Kilitoa, mjomba."

"Matamu?"

"Yana chumvi kidogo."

"Basi hata hilo halikufaa," akasema, akaendelea kusoma mpaka jina langu.

Mke wa mjomba alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini, akaivuta sahani iliyokuwa upande wangu, akairudisha kwenye sufuria. Akasema kwamba mikorosho mwaka huu imechanua vizuri na wenye mikorosho yao wameshaanza kuihesabu. Hakunitazama alipokuwa anasema. Nilimngojea mjomba amkatize. Alikunja barua, akaitia mfukoni, hakumkatiza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kelele ningeivumilia.

Kisha mjomba akasema, "Nenda kamwite mtendaji wa kijiji, aje na mhuri wake. Na uazime baiskeli yenye kiti imara nyuma."

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Nilimkalisha kwenye kiti cha nyuma juu ya gunia lililokunjwa, mguu mbovu nikaufunga kwa kanga kwenye fremu usining'inie. Penye udongo mgumu niliendesha, penye mchanga nilishuka nikasukuma. Hakusema nami. Alizungumza na barabara. "Hapa wameinamisha blade ya greda vibaya," alisema pahali pamoja. Na kwingine, "Mtaro hawajautoa, mvua itaila barabara hii." Nikasema ndiyo, mjomba. Kila alipokohoa niligeuka kumtazama, na baiskeli ikayumba, naye akasema, "Tazama mbele."

Sikuwahi kumwona mdogo vile. Nikakumbuka kwamba alfajiri ile sikumwona akimeza dawa, kumbe ameshaanza kuziruka. Niliona jasho kwenye nywele zake za mvi. Nikawaza kwamba akinifia hapa njiani barua yangu itakuwa mfukoni mwake, na watu wataisoma.

Ruangwa tulifika saa nne ya asubuhi imepita. Mji ulikuwa unajengwa kila upande, matofali mabichi yamepangwa kando ya njia, watumishi waliohamishiwa wilaya mpya wakiulizana nyumba za kupanga. Cha kwanza ilikuwa picha. Mpiga picha alisema njooni kesho asubuhi, maana hasafishi mpaka filamu iishe. Nilimwambia kesho asubuhi huyu atakuwa amekufa. Alimtazama mjomba kwa woga, akadhani ni ugonjwa. Mjomba akamweleza kwa utaratibu kwamba ni kwa maandishi tu. Yule kijana akafikiri, akapiga picha tatu za ukuta kuimaliza filamu yake, akaingia kwenye chumba chake cha giza. Tulingoja kwenye benchi. Nilimnunulia mjomba uji usio na sukari, akaunywa nusu. Saa nane kasoro picha zilitoka, bado zina maji, tukaenda nazo nikizipepea hewani.

Walipaji walikuwa wawili kwenye meza moja, mmoja mtu mzima mwenye miwani, mwingine kijana mwenye mihuri. Wastaafu walikuwa wamebaki wachache. Zamu yetu ilipofika yule mtu mzima alipitisha rula kwenye orodha, rula ikasimama.

"Huyu alifariki," alisema.

"Alifariki lini?" mjomba akauliza. "Maana arobaini yake sikualikwa."

Mzee mmoja nyuma yetu alicheka. Mlipaji hakucheka. Alichukua kitambulisho, picha, barua ya kijiji, akavipanga. Akamwuliza mjomba maswali: aliajiriwa lini, namba yake ya kazi, nani alikuwa msimamizi wake wa mwisho. Mjomba alijibu yote, na juu yake akataja namba ya greda. Kisha akaambiwa atie saini kwenye karatasi tupu. Aliiandika herufi moja moja, akipumzika katikati. Mlipaji aliiweka saini ile mpya karibu na ile ya zamani, na hata mimi niliyesimama upande wa pili niliona kwamba hazikufanana.

Akaifungua barua yangu. Aliisoma akiwa ametulia kabisa. Alipomaliza hakumtazama mjomba, alinitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyeandika? Huyu ni baba yako?"

"Mjomba wangu."

"Mzee, huna watoto?"

"Ninao wanne," mjomba alisema.

"Sasa mpwa anahusikaje na karatasi zako?"

"Ndiye mrithi wangu."

Yule mlipaji hakuwa mtu wa kusini. Alirudia neno lile, mrithi, kana kwamba amelikuta mahali lisipotakiwa. Aliweka kalamu chini. Akasema polepole kwamba hapa ana saini isiyofanana, ana mzee mgonjwa, na ana kijana ambaye kwa maandishi yake mwenyewe amedanganya, na ambaye mzee akifa ndiye anayefaidika. Atajuaje kama huyu ndiye mwenye jina, na si mzee mwingine aliyeokotwa njiani? Na kama ndiye, atajuaje kwamba kilichofanyika si njama? Akasema nje pale kuna askari, na kazi yake ni mambo kama haya.

Naweza kusema kwa kweli kwamba sikuona meza wala watu. Niliona mlango tu, na upana wake, na nilijua ningeweza kuufikia kwa hatua nne. Maisha yangu yote kabla ya siku ile nilikuwa mtu wa mlango.

Mjomba alijishika kwenye meza akasimama kwa mguu mmoja.

"Bwana," alisema, "kwenu sijui mnarithi vipi. Kwetu ni hivi. Huyu akitaka nife alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kukaa kimya mpaka kesho. Amenisukuma mchangani tangu alfajiri. Muulize ananidhuru vipi kwa kunileta kwako nikiwa hai."

Kisha akauliza kama kuna dereva yeyote wa zamani wa ujenzi kwenye wastaafu waliobaki. Yule mzee aliyecheka akanyanyua mkono. Hakuwa dereva, alikuwa mpima barabara, lakini alisema greda ile anaijua na kikohozi hiki anakijua, kiliwahi kumnyima usingizi kambini mwaka mzima. Mlipaji alimwandikisha jina lake kama shahidi, akamwambia aweke saini. Kijana wa mihuri alitafuta wino. Alama nyekundu ikachorewa mstari, na pembeni yake pakaandikwa maneno mawili ambayo niliyasoma nikiwa nimepindua kichwa: *yu hai*.

Haikuwa imekwisha. Fedha za awamu hii mlipaji hakuweza kuzitoa jioni ile, maana kitabu kilikuwa kimeshafungwa na mkuu wake anatakiwa aidhinishe. Kesho saa mbili, jina letu la kwanza, saa tano wanaondoka. "Aje yeye mwenyewe, kwa miguu yake," alisema. "Asipokuwepo nikiita, mimi nitaamini orodha." Za awamu mbili zilizopita zilikwisha kurudi, mjomba aziombe kwa barua. Aliziomba. Moja ilikuja baada ya mwaka na zaidi. Nyingine niliifuatilia mimi, ubao kwa ubao, na haijaja mpaka leo.

Ikabidi tulale Ruangwa, mji ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuulalia hata siku moja. Nyumba ya wageni ya kwanza ilijaa walimu wapya wanaongoja kupangiwa shule. Ya pili ilikuwa na wafanyabiashara wa ufuta, watatu kila chumba. Mjomba alikuwa amekaa kwenye baiskeli, nimeishika usukani, na sasa hakusema hata habari za mitaro. Kila nilipoambiwa hakuna nafasi niliona kichwa chake kimeshuka kidogo. Kwenye mtaa wa nyuma ya soko mtu alituelekeza kwa mama mmoja aliyekuwa anapangisha vyumba vya uani kwake. Tulimkuta anaanua mihogo mikavu. Alimtazama mjomba, akamwamkia kwa heshima, akaleta kiti kabla ya kusema lolote.

Akasema vyumba viwili viko wazi, vidogo. Akauliza tunataka kimoja au viwili.

Sikuwa na haki ya kujibu. Tangu jioni ya jana mjomba alikuwa hajaniita mjomba wala mpwa wala jina langu, na nilichokiogopa sana wakati ule, kuliko askari na kuliko saa mbili ya kesho, ilikuwa ni jibu lake kwa yule mama.

Mjomba alifikiri. Mama akaanza kueleza bei, akidhani ndiyo inayomsumbua.

"Kimoja," alisema mjomba. "Mguu lazima uoshwe, na muoshaji ni huyu. Ila mlangoni nitalala mimi. Ana tabia ya kuondoka asubuhi."

Mama alicheka akaenda kutafuta funguo. Nilimbeba mjomba mgongoni kuvuka uani, baiskeli ikiegemea ukuta. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, na dirisha la mbao. Nilimlaza, nikamfungua bandeji, nikatoka kuomba maji ya moto na chumvi. Niliporudi na beseni alikuwa amefumba macho, mikono kifuani, na hakuwa anakohoa. Nilisimama pale mlangoni na beseni mikononi nikitazama shati lake kama linapanda.

"Weka maji chini yatapoa," alisema bila kufumbua macho. "Nipo."